Mwani una ukuta, pweza hana: Namna ya kumsaidia mwanao somo la seli

MATEMWE. Maji yakipwa wakati wa bamvua, ufukwe wa Matemwe, Wilaya ya Kaskazini A Unguja, hujaa watu. Wapo wanaoelekea kwenye mashamba ya mwani na kamba zao begani. Wapo wanaoshika mchokoo kutafuta pweza kwenye miamba. Na wapo wanaofukua makumbi ya nazi waliyoyafukia miezi kadhaa nyuma, ili wayapige na kusokota kamba za usumba.

Jioni hiyohiyo watoto wa sekondari hufungua madaftari ya biolojia. Moja ya maswali wanayokutana nayo mapema ni hili: taja tofauti kati ya seli ya mmea na seli ya mnyama. Wengi hukariri jedwali la safu mbili, huku na huku, bila kujua kwa nini kitu fulani kiko upande mmja na hakiko upande wa pili. Wiki mbili baadaye jedwali limeshachanganyika kichwani.

Mzazi aliyekaa karibu mara nyingi hunyamaza. Somo linafundishwa kwa Kiingereza, maneno yake ni mageni, naye pengine aliacha skuli zamani. Anaona hana cha kuchangia.

Lakini jibu la swali hilo amelishika kwa mikono yake mchana kutwa. Lipo kwenye makumbi, kwenye mwani na kwenye pweza. Na si jibu la mtihani tu. Anayelielewa ataelewa pia kwa nini dripu hospitalini huwa na chumvi, na kwa nini pakiti ya ORS ya mtoto anayeharisha haichanganywi kwa kukisia.

Seli ni nini hasa?

Kila kiumbe hai kimejengwa kwa vyumba vidogo mno viitwavyo seli. Viumbe vingine, kama bakteria, ni seli moja tu. Mwili wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na seli zaidi ya trilioni 30. Seli nyekundu moja ya damu ina upana wa takriban sehemu 8 za milimita iliyogawanywa mara 1,000. Ndiyo maana hatuzioni kwa macho.

Mtu wa kwanza kuvipa vyumba hivi jina hilo la seli alikuwa Mwingereza Robert Hooke, mwaka 1665. Alikata kipande chembamba cha gome la mti linalotumika kutengeneza vizibo vya chupa, akakiweka chini ya hadubini. Aliona vijumba vingi vitupu vilivyopangana kama masega ya nyuki.

Jambo la kumweleza mtoto hapa ni kwamba Hooke hakuona seli zilizo hai. Gome lile lilikuwa limekufa na limekauka. Alichokiona ni kuta zilizobaki baada ya wenye nyumba kuondoka. Angeweka kipande cha nyama kilichokufa siku nyingi, asingekuta vijumba vya namna ile.

Ilichukua zaidi ya miaka 170 hadi Wajerumani wawili walipolifunga jambo hili. Matthias Schleiden alisema mwaka 1838 kwamba mimea yote imejengwa kwa seli. Mwaka uliofuata, Theodor Schwann akasema wanyama nao ni hivyohivyo. Kwa hiyo mnazi, pweza na mwanao wamejengwa kwa matofali ya aina moja, yenye tofauti chache tu. Tofauti hizo chache ndizo zinazomfanya mmoja asimame mahali pamoja miaka yote na mwingine ajipenyeze kwenye tundu la mwamba.

Anzeni na yanayofanana

Watoto wengi hukimbilia tofauti na kusahau kwamba sehemu kubwa ya seli hizi mbili ni sawa. Zote zina utando laini unaozizunguka, wenye kazi ya kuamua kipi kiingie na kipi kitoke, kama bawabu mlangoni. Zote zina ute ndani yake, uitwao sitoplazimu, ambamo shughuli nyingi hufanyika. Zote zina kiini kinachohifadhi maelekezo ya urithi. Zote zina mitokondria, ambazo huvunja chakula na kutoa nguvu.

Mtoto akishaelewa hayo, tofauti zinabaki chache. Kubwa ni tatu: ukuta, kiwanda cha chakula, na ghala la maji. Ya kwanza ndiyo inayobeba nyingine nyingi mgongoni, na kwa Matemwe mwalimu wake ni kumbi la nazi.

Ukuta: ushahidi wa makumbi

Wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja wanajua kazi ya makumbi tangu kwa bibi zao. Kumbi hufukiwa kwenye mchanga au tope la pwani, maji ya bahari yakawa yanajaa na kupwa juu yake kwa miezi. Likifukuliwa huwa limeoza na linanuka. Hupigwa kwa gongo, uozo ukatoka, zikabaki nyuzi ngumu. Nyuzi hizo husokotwa zikawa kamba.

Muulize mtoto: mbona nyuzi hazikuoza pamoja na vingine?

Jibu ni ukuta wa seli. Nje ya ule utando laini, seli ya mmea hujijengea ukuta mgumu wa selulosi. Kwenye nyuzi za kumbi, ukuta huo umeongezwa unene na kutiwa dutu nyingine ngumu iitwayo lignini, ileile inayoufanya mbao uwe mbao. Bakteria wa topeni hula sehemu laini haraka, lakini ukuta wenye lignini huwashinda kwa muda mrefu. Usumba unaofungia mbuzi, basi, ni kuta za seli zilizokufa. Ni kitu cha namna ileile alichokiona Hooke.

Sasa fikiria pweza aliyefukiwa mahali hapohapo kwa muda uleule. Hakuna kitakachobaki cha kusokota. Seli zake zina utando tu, hazina ukuta.

Kukosa ukuta si upungufu. Ndiko kunakompa pweza maisha yake. Kwa kuwa seli zake ni laini na hana mfupa, anaweza kujibana akapita kwenye tundu dogo ambalo huwezi kuamini. Misuli ya mnyama hujikunja na kujikunjua kwa sababu seli zake hazikuzungukwa na boma. Wanyama wanaohitaji kusimama imara wametafuta njia nyingine: samaki ana mifupa, kaa ana gamba, na katikati ya seli zetu kuna nyuzi imara za protini zinazoshikilia mwili pamoja. Nyuzi kama hizo ndizo zinazoifanya nyama ya pweza iwe ngumu kutafuna, na ndizo zinazolegezwa anapopigwa kabla ya kupikwa.

Kwa hiyo kumbi hupigwa ili kuta zibaki, na pweza hupigwa ili nyuzi zilegee. Mtoto aliyeona kazi zote mbili ana mfano ambao kitabu chake hakina.

Mwani: unachouza ni ukuta

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Kikasambaa pwani yote ya mashariki hadi Matemwe, na wakulima wake wengi ni wanawake. Aina mbili zinazojulikana zaidi ni spinosamu na kotonii.

Wapo wakulima wanaojiuliza miaka yote mzungu anaufanyia nini mwani. Jibu limo kwenye somo hili. Mwani huu una ukuta wa seli, na pamoja na selulosi, ukuta wake umejaa dutu inayoganda iitwayo karajinani. Viwandani hutolewa na kutumika kuvipa uzito vitu kama dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vya makopo. Ukichemsha mwani jikoni ukaona maji yake yanakuwa mazito kama jeli, umeiona karajinani kwa macho yako. Kotonii huganda kwa ugumu zaidi, spinosamu huganda kwa ulaini.

Hapa mzazi ajihadhari na mtego mmoja wa mtihani. Kila mtu pwani anauita mwani mmea, na seli yake ina ukuta na viwanda vya chakula kama mmea. Lakini katika uainishaji unaofundishwa sekondari, mwani huwekwa kwenye kundi la protoktista, si kundi la mimea. Mtoto akiulizwa mfano wa seli ya mmea, salama yake ni kitunguu, mchicha au mnazi.

Kiwanda cha sukari

Tofauti ya pili ni kloroplasti. Hivi ni vijivyumba ndani ya seli vyenye rangi ya kijani iitwayo klorofili, au umbijani. Hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni dioksidi kutengeneza sukari. Mnyama hana kiwanda hiki. Ndiyo maana mwani umefungwa kwenye kamba na unakua bila kulishwa, lakini mkulima wake lazima arudi nyumbani kupika.

Mtoto anaweza kuuliza: kama kijani ndiyo kiwanda, mbona mwani mwingine ni wa hudhurungi au mwekundu? Umbijani umo, ila umefunikwa na rangi nyingine ya mwani inayousaidia kunasa mwanga ndani ya maji. Mwani ulioanikwa ukanyeshewa hupauka, kwa sababu rangi hizo huchujwa na maji ya mvua.

Matemwe ina mfano mwingine wa ajabu zaidi, mbele ya kijiji kabisa. Kwenye miamba inayozunguka kisiwa cha Mnemba kuna matumbawe. Wengi huyadhani ni mawe au mimea. Ni wanyama, wadogo sana, wanaoishi pamoja kwa maelfu na kujijengea nyumba ya chokaa. Seli zao hazina ukuta wala kloroplasti, kama za pweza.

Lakini ndani ya seli za matumbawe hayo wanaishi wapangaji: viumbe vya seli moja jamii ya mwani, ambavyo vina kloroplasti. Mpangaji hutengeneza sukari na kumgawia mwenye nyumba sehemu kubwa. Mwenye nyumba humpa makazi na kaboni dioksidi. Rangi nzuri za matumbawe hutokana kwa sehemu kubwa na wapangaji hao.

Bahari ikipata joto kupita kiasi, makubaliano huvunjika. Wapangaji hutolewa nje, na matumbawe hubaki meupe. Joto likidumu, matumbawe hufa kwa njaa. Mwaka 1998 jambo hili liliikumba sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi magharibi, Zanzibar ikiwemo, na likatokea tena mwaka 2016. Joto hilohilo ndilo limekuwa likiisumbua kotonii tangu miaka ya mwanzo ya 2000, ikilainika na kukatika kabla ya kuvunwa, na wakulima wengi wakabaki na spinosamu yenye bei ndogo.

Kwa kijiji kinachokula kutokana na samaki, mwani na wageni wanaokuja kuzamia Mnemba, kloroplasti si neno la daftarini tu.

Ghala la maji, na jaribio la jikoni

Tofauti ya tatu ni vakuoli, mfuko wa maji ndani ya seli. Seli ya mnyama inaweza kuwa na vimifuko vidogo vya muda. Seli ya mmea iliyokomaa huwa na mmoja mkubwa katikati, unaoweza kuchukua sehemu kubwa ya nafasi yote.

Hapa ndipo ukuta na ghala vinapofanya kazi pamoja. Maji yakiingia, ghala hujaa na kuusukuma ukuta kutoka ndani. Ukuta haukubali kutanuka sana. Seli inakuwa ngumu kama mpira wa miguu uliojazwa upepo. Hivyo ndivyo mchicha unavyosimama bila kuwa na mfupa. Maji yakipungua, mpira unalegea na mchicha unanyauka. Muuza mboga anayenyunyizia maji fungu lake anazijaza seli upya.

Jaribio lifuatalo halina gharama. Chukua kiazi kimoja, ukate vipande viwili vyembamba vya urefu sawa. Kimoja kiweke kwenye bakuli la maji matupu. Kingine kiweke kwenye maji yaliyokorogwa vijiko vitatu vya chumvi. Subirini saa mbili, kisha mtoto avikunje kwa vidole.

Kilichokuwa kwenye maji matupu kitakuwa kigumu, pengine kitakatika kikikunjwa. Kilichokuwa kwenye chumvi kitalegea kama raba. Maji hupenya utando kutoka upande wenye chumvi ndogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Kwenye bakuli la kwanza yaliingia ndani ya kiazi, kwenye la pili yalitoka.

Anayetengeneza kachumbari amekwishaliona jambo hili mara nyingi. Kitunguu kilichotiwa chumvi hulegea na kuacha maji chini ya bakuli. Samaki anayepakwa chumvi kabla ya kuanikwa naye hutoa maji yake kwa njia hiyohiyo.

Kama kuna iodini ndani ya nyumba, jaribio la pili ni hili: dondosha tone moja kwenye kipande cha ugali na tone jingine kwenye kipande cha samaki. Kwenye ugali itageuka bluu iliyokoza, karibu nyeusi. Kwenye samaki itabaki na rangi yake. Mimea huweka akiba ya chakula kama wanga, na wanga ndio unaobadilisha rangi. Wanyama huweka akiba kama glaikojeni, hasa kwenye ini na misuli, pamoja na mafuta. Vipande hivyo vitupwe baada ya jaribio, visiliwe.

Seli ya mtoto haina ukuta wa kumlinda

Sasa turudi kwenye kiazi. Kwenye maji matupu kilijaa maji, lakini hakikupasuka. Ukuta ulikizuia. Je, seli isiyo na ukuta ingefanywaje?

Ukitia damu kwenye maji matupu, maji huingia ndani ya seli nyekundu, zikavimba, na kwa kuwa hazina ukuta wa kuzizuia, hupasuka. Ukizitia kwenye maji ya bahari, maji hutoka na seli husinyaa. Hizi ni seli zilezile zinazobeba hewa mwilini mwa mtoto.

Zingatia namba tatu. Lita moja ya maji ya mvua haina chumvi ya kuhesabika. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Lita moja ya dripu ya chumvi inayotumika hospitalini ina gramu 9, kwa sababu kiwango hicho kinalingana na cha damu yetu. Kikiwa hivyo, seli hazivimbi wala hazisinyai.

Pweza anaishi kwenye zile gramu 35 bila shida kwa kuwa damu yake mwenyewe ina chumvi inayokaribiana na ya bahari. Sisi hatuko hivyo. Ndiyo maana mvuvi aliyekwama baharini akinywa maji ya bahari kiu humzidi, kwani figo zake hulazimika kutumia maji mengi zaidi kuitoa chumvi ile kuliko aliyoyanywa.

Mtoto anapoharisha, hupoteza maji na chumvi kwa pamoja. Maji matupu peke yake hayarudishi chumvi. Chumvi nyingi kupita kiasi huvuta maji kutoka kwenye seli na inaweza kumwongezea hatari. Inahitajika mizani, na ORS imetengenezwa kwa mizani hiyo.

Siri yake iko kwenye ule utando wa seli. Utumbo una milango inayopitisha sukari aina ya glukosi na chumvi kwa pamoja, na maji hufuata nyuma yake. Hata mtoto akiwa anaharisha sana, milango hiyo mara nyingi huendelea kufanya kazi. Mwaka 1971, kipindupindu kilipoingia katika kambi za wakimbizi waliotoka Bangladesh kwenda India na dripu zikaisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji ya sukari na chumvi wanywe kwa mdomo. Vifo vilipungua sana. Tangu hapo dawa hiyo imeokoa mamilioni ya watoto duniani.

Kwa mzazi, maana yake ni haya:

Soma pakiti kabla ya kuchanganya. Pakiti nyingi ni za lita moja ya maji safi na salama, lakini zipo za nusu lita. Usipunguze maji ukidhani dawa itakuwa kali na kufanya kazi haraka. Usiyaongeze ili pakiti ikae siku nyingi. Usiongeze sukari, chumvi wala soda. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Mpe mtoto kidogokidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri kama dakika kumi, kisha endelea polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kupewa chakula. Kituo cha afya huongeza vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, navyo vimalizwe hata kama kuharisha kumekoma.

Kama macho ya mtoto yamedidimia, amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu au ana damu kwenye choo, apelekwe kituo cha afya mara moja, asisubiriwe hadi asubuhi.

Makosa ya kumsahihisha mtoto

Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza bado kumhoji mwanawe. Mwambie akueleze kwa Kiswahili kwanza, kisha akutajie jina la skuli la kila sehemu. Anayeweza kukieleza kitu kwa lugha zote mbili amekielewa. Msikilize hasa kwenye mambo haya matano, maana hapo ndipo wengi huteleza.

Kwanza, "mmea una ukuta, mnyama ana utando." Si sahihi. Mmea una vyote viwili: ukuta nje, utando ndani yake. Mnyama ana utando peke yake.

Pili, "seli zote za mmea zina kloroplasti." Hapana. Mzizi uko gizani, hauna haja ya kiwanda cha jua. Kitunguu maji nacho, ile sehemu tunayokula, hakina kloroplasti, ingawa ndicho kinachotazamwa zaidi kwenye hadubini ya skuli.

Tatu, "mimea haina mitokondria kwa kuwa ina kloroplasti." Inazo zote. Kloroplasti hutengeneza chakula, mitokondria hukivunja kutoa nguvu. Kuwa na shamba hakumwondolei mtu haja ya jiko.

Nne, "seli ya mnyama ni duara." Michoro mingi huionyesha hivyo kwa urahisi wa kuchora. Seli ya mmea ndiyo huwa na umbo lisilobadilika kirahisi, kwa sababu ya ukuta. Za mnyama zina maumbo mengi: ya neva inaweza kuwa ndefu kama uzi, nyekundu ya damu ni kama kitumbua kilichobonyea katikati.

Tano, "seli ya mnyama haina vakuoli." Inaweza kuwa nazo, ila ni ndogo na za muda. Kubwa na ya kudumu ni ya mmea.

Kila akitaja tofauti, muulize swali moja tu: "Kwa nini?" Akisema mmea una ukuta, aeleze ukuta unausaidia nini. Akisema mnyama hana, aeleze anapata faida gani kwa kukosa. Akikwama, mkumbushe kumbi na pweza.

Daftari na pwani

Bamvua ijayo, mtoto akiwa likizo, anaweza kufuatana na wakubwa wake pwani akiwa na kazi ya kutafuta vitu vinne: chenye ukuta kisicho na kiwanda cha sukari, chenye ukuta na kiwanda, kisicho na ukuta wala kiwanda, na kisicho na ukuta lakini kimempangisha mwenye kiwanda.

Uzi wa kumbi, mwani, pweza, tumbawe. Mtoto akirudi na majibu hayo manne, na akaweza kumweleza bibi yake kwa Kiswahili sababu ya kila moja, basi jedwali la daftarini halitamsumbua tena. Na siku mdogo wake atakapoharisha, atakuwa mtu wa kwanza nyumbani kupima lita ya maji kabla ya kuifungua pakiti.